Eosinofili isikupite

Anayeanza kusoma slaidi ya damu hukimbilia ukubwa wa chembe nyeupe ili kutofautisha aina zake tano: nyutrofili, limfositi, monositi, basofili na eosinofili. Ukubwa unadanganya: limfositi iliyotandazika pale slaidi ilipo nyembamba hulingana na monositi. Tazama punje zilizomo ndani ya chembe kwanza, kisha kiini.

Nyutrofili ndiyo utakayokutana nayo zaidi, kiasi cha 40 hadi 70 katika kila chembe 100 za mtu mzima. Kiini chake kina vipande viwili hadi vitano vilivyoungwa kwa uzi mwembamba, na punje ni ndogo mno, za waridi iliyofifia. Limfositi ina kiini cha duara kilichoijaza karibu chembe nzima. Monositi kiini chake kimekunjika kama figo, na saitoplazimu, yaani ute unaozunguka kiini, ni ya kijivu na mara nyingi ina vitundu. Basofili usihangaike nayo. Pengine utamaliza chembe 100 hujaiona.

Inayotushughulisha sisi wa visiwani ni eosinofili, maana minyoo na kichocho, Unguja na Pemba, huipandisha. Kiini vipande viwili kama miwani, punje nene za rangi ya chungwa zimesongamana kama za komamanga. Na ndiyo inayopotea kirahisi. Giemsa, rangi ya kupaka slaidi, ikiwa ya malaria huchanganywa na bafa (maji ya kudhibiti uasidi) ya pH 7.2; slaidi hiyohiyo ukiihesabia chembe nyeupe, punje zaweza kuvuta kijivu, na msomaji mwenye haraka akaandika nyutrofili. Tengeneza slaidi ya pili, bafa ya pH 6.8.

Damu iliyotiwa EDTA, dawa ya kuizuia isigande, ienezwe kwenye slaidi ndani ya saa mbili. Ikilala, viini huanza kuvunjika na hapo hutofautishi kitu. Masika, chupa ya methanoli, spiriti ya kushikiza damu kwenye slaidi kabla ya kupaka rangi, isiachwe wazi: hunywa unyevu wa hewa, na chembe nyekundu hutoka na vishimo vinavyong'aa.

Hesabia kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, pale chembe nyekundu zinapogusana kidogo tu. Ukibaki mkiani, mwisho mwembamba wa damu iliyoenezwa, utazidisha monositi na nyutrofili, kwani ndizo zinazokokotwa mpaka huko.

Asilimia peke yake usiipeleke kwa daktari. Eosinofili 15% kwenye jumla ya chembe nyeupe 6,000 kwa mikrolita ni 900, imepanda, kwa kuwa kawaida haizidi 500. Asilimia 15 hiyohiyo kwenye jumla ya 3,000 ni 450, na hapo kinachotaka kuulizwa ni hiyo jumla iliyoshuka.