Usiniombe linki ya grupu, niletee kipindi chako cha Jumanne

"Shikamoo madam. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nafundisha Kemia na Baiolojia, niko Tabora. Naomba uniunganishe na magrupu mazuri ya walimu wa Kemia. Nimesikia wewe uko kwenye mengi."

Ujumbe huu uliingia Jumapili iliyopita usiku. Marahaba, mdogo wangu. Si wewe wa kwanza kuniuliza, na kila mara nilikuwa natuma linki na kuendelea na mambo yangu. Safari hii sikutuma, na naona nieleze sababu hapa ili na wengine mnaoniuliza mnielewe.

Simu yangu ya kwanza ya maana niliinunua mwaka 2016, kwa mkopo wa kikoba. Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye magrupu 14 ya walimu, WhatsApp na Telegram. Faili lolote lililopita nililipakua: azimio la kazi la mtu wa Mbeya, notsi za Kidato cha Tatu, moko (mitihani ya majaribio) za mikoa ambayo hata sijafika, maandalio ya somo ya mtu nisiyemjua. Bando la wiki lilikuwa haliniishi wiki. Siku simu ilipokataa kupiga picha kwa kujaa, nilikaa nikahesabu: mafaili 600 na ushee. Niliyokuwa nimeyafungua hayakufika 20. Na darasani nilikuwa nafundisha vilevile nilivyotoka chuo, kwa ubao na "andikeni".

Mwaka 2019 nikaamua na mimi nichangie. Kidato cha Kwanza walikuwa kwenye mada ya hewa na uwakaji, na mimi nilikuwa nimeona video YouTube ikanivutia. Shule yetu maabara ilikuwa chumba chenye meza tu, lakini jaribio lile halihitaji maabara. Unasimamisha mshumaa kwenye beseni lenye maji kidogo, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Wanafunzi wangu walipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Nikapima kwa rula, nikawaambia: oksijeni imeisha, maji yamechukua nafasi yake, na mnaona wenyewe ni kama sehemu moja kwa tano ya hewa. Mwenzangu alinirekodi. Usiku nikaituma kwenye grupu lenye walimu zaidi ya 200.

Ndani ya dakika kumi zilijaa emoji za makofi. Nilifurahi, siwezi kuficha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niajiriwe mtu kuniambia nimefundisha vizuri. Kisha mwalimu mmoja, namba ngeni kwangu, akaandika:

"Madam, hongera kwa kazi. Naomba kuuliza. Ukiweka mishumaa mitatu badala ya mmoja, maji yatapanda kiasi gani?"

Nikajibu haraka: "Kiasi kilekile, kwa sababu oksijeni iliyomo kwenye glasi ni ileile."

Akaandika neno moja. "Jaribu."

Angeishia hapo pasingekuwa na neno. Lakini grupu lilikuwa limeshapata pa kuchekea. Wakamwagika na nyuso za kucheka, na mtu mmoja akaandika, "Ndiyo maana sifuri haziishi." Sentensi ile naikumbuka mpaka leo. Aliyeiandika sijawahi kumwona akileta hata kipindi kimoja chake mbele za watu, wala kabla wala baadaye. Nikajitoa kwenye grupu, na kwa miezi saba sikufungua kitu chochote cha walimu kwenye simu yangu. Nilikuwa nawaambia wenzangu ofisini kwamba mitandao ni ya watu wasio na kazi.

Kilichonirudisha ni umeme kukatika. Nilikuwa nyumbani, mishumaa iko mezani inawaka, na neno lile "jaribu" likanijia. Nikachukua beseni. Mshumaa mmoja kwanza: maji yakapanda kama upana wa vidole viwili. Nikaweka mitatu, glasi ileile: yakakaribia mara mbili. Nikarudia mara nne. Safari hii niliangalia, maana darasani nilikuwa naonyesha, sikuwa naangalia. Nilipofunika glasi, mapovu yalitoka pembezoni chini ya ukingo. Na maji hayakupanda wakati mshumaa unawaka. Yalipanda kwa kasi baada ya miali kuzimika.

Hapo nikaona jambo lenyewe. Joto la mshumaa linatanua hewa, sehemu yake inatoroka kama mapovu, kisha mshumaa ukizimika hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na maji yanasukumwa juu na hewa ya nje. Mishumaa mitatu, joto zaidi, hewa zaidi imetoroka. Oksijeni inayotumika inaacha kabonidayoksaidi na mvuke wa maji nyuma yake, na mshumaa unazimika kabla oksijeni yote haijaisha. Ile "moja ya tano" niliyoipima kwa rula ilikuwa bahati ya ukubwa wa glasi yangu. Nilikuwa nimewafundisha watoto zaidi ya 80 kosa, kwa ushahidi wa macho yao wenyewe.

Wanafunzi wale sasa walikuwa Kidato cha Pili. Niliingia darasani kwao na beseni, nikawasha mishumaa mitatu, nikawaambia nilichokosea. Nilidhani watanidharau. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono: "Sasa madam, tutajuaje kwamba ni moja ya tano kweli?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamletea.

Swali hilo la mtoto ndilo lililonifanya nimtafute yule mwalimu wa "jaribu". Nilimwandikia pembeni kwamba nimejaribu na alikuwa sahihi, na kwamba nina mwanafunzi ananidai jibu. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Chukua stili waya ya kusugulia masufuria, ile laini inayoshika kutu, si ile ya mizunguko inayong'aa. Iloweke kwenye siki kidogo itoke mafuta, ikung'ute, isukumie chini kabisa ya chupa nyembamba ndefu, kisha isimamishe chupa kichwa chini kwenye maji. Iache. Kutu inakula oksijeni na haitoi gesi nyingine badala yake, wala hapana joto la kukudanganya. Chupa yangu ilikuwa na urefu wa sentimita 15. Siku ya nne maji yalikuwa yamepanda karibu sentimita 3, yaani moja ya tano, na hayakuongezeka tena. Binti yule aliipima mwenyewe, mara mbili, mimi nimekaa kwenye dawati lake.

Ujumbe mmoja wa sauti ulinifundisha kuliko mafaili 600. Na ulinifikia kwa sababu moja tu: nilikwenda na swali langu, la kipindi changu, la mtoto wangu.

Kwa hiyo walimu wenzangu, nawaomba sana. Acheni kukusanya. Faili ulilopakua halijakufundisha kitu, ni kama kununua jembe na kulitundika ukutani. Chagua grupu moja au mawili ambako watu wanajibizana kwa sababu, si kwa makofi. Grupu ambalo asubuhi mpaka jioni ni salamu, matangazo ya viwanja na "naomba moko ya Form Four", toka. Grupu ambalo watu wanaahidiana mitihani iliyovuja, toka leo hii; huko hujifunzi ualimu, unajitafutia kesi. Ingia na kipindi chako. Andika ulichofundisha, watoto walipokwama, ulichojaribu, kisha uliza swali moja. Si "nisaidieni mada ya moli", kile kipimo cha kiasi cha chembe. Sema: "Wanafunzi wangu wanajua kukokotoa moli lakini hawajui ni kitu gani, mmewaonyeshaje?" Utashangaa watu watakavyokujibu.

Na chochote unachokiona, kwanza jaribu nyumbani. Video iliyotazamwa na watu milioni inaweza kuwa na kosa, na ile yangu ya mshumaa inafundishwa hivyohivyo dunia nzima. Jaribu jikoni kwako kabla hujasimama mbele ya watoto. Hili narudia kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Ukirekodi, rekodi mikono na vifaa. Sura za wanafunzi ziache. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mtoto wa mtu hakukupa ruhusa ya kuzungushwa kwenye simu za watu 200 akiwa amekosea jibu. Mimi nilicheka na wengine video za namna hiyo zamani, mpaka yaliponikuta mwenyewe.

Kisha ulichojifunza usikae nacho peke yako. Tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na kila shule inatakiwa iwe na jumuiya yake ya kujifunza. Kwetu vikao vile vilikuwa vya kusaini daftari na kunywa chai. Nilipopeleka beseni na mishumaa yangu kwenye kikao, mwalimu wa Fizikia na mimi tulibishana mpaka saa kumi na moja jioni, na tangu siku ile watu wanakuja na vitu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unadai mtoto atende. Atatendaje kama mwalimu mwenyewe anaogopa kukosea mbele ya wenzake?

Na nyinyi mnaowacheka wenzenu kwenye magrupu: kuna mwalimu mahali fulani leo amezima simu kwa sababu yenu, na darasa lake linaendelea na kosa lilelile.

Mdogo wangu wa Tabora nilimjibu hivi: nipigie picha andalio lako la somo la Jumanne, tuanzie hapo. Alikuwa anafundisha asidi na besi, bila litmasi, ile karatasi ya kuzipimia, hata moja. Nikamwambia anunue choya (rozela) kavu sokoni, achemshe, achuje. Maji yale mekundu yanabaki mekundu ukikamulia ndimu, ambayo ni asidi, na ukitia maji ya majivu, ambayo ni besi, yanageuka kijani. Huku kwetu Dodoma choya haikosekani, kwake ilibidi aizungukie masoko mawili.

Juzi amenitumia picha tatu za chupa kwenye dawati, na swali: ile ya maji ya majivu ilikuwa kijani asubuhi, mbona jioni imekuwa njano? Nadhani najua, kwamba besi ikizidi ile rangi yenyewe inaharibika taratibu. Lakini nimeweka glasi mbili zangu dirishani, moja ya majivu mengi na moja ya majivu kidogo, na nimemwambia asubiri mpaka kesho jioni.