Maswali yenu ya hesabu: viazi, kosta na parachichi

Maswali wiki hii yamekuwa mengi, nimechagua manne yanayofanana, maana naona wengi mnasumbuliwa na kitu kilekile, mtu anakadiria namba kabla hajajua anakadiria ili iweje.

Mwalimu shikamoo, nanunua viazi Uyole, gunia 28 kwa 68,500 kila moja, dalali anataka jibu fasta. Napigaje kichwani?

Marahaba. Wengi hapo wanapandisha vyote viwili, 28 inakuwa 30 na 68,500 inakuwa 70,000, wanapata 2,100,000. Kama shida yako ni kujua utoke nyumbani na shilingi ngapi mfukoni, sawa kabisa, hutaaibika mbele ya dalali. Ila kama unataka kujua bei yenyewe umepitiliza kwa 182,000 na hiyo sio hela ya soda. Ukipandisha moja shusha nyingine, 30 mara 65,000 ni 1,950,000, hapo umepishana na ukweli kwa 32,000 tu.

Afu kuna njia mi naipenda zaidi, achana na makadirio, ivunje 28 kwenye vigawo vyake: 2 mara 2 mara 7. Haya, 68,500 mara mbili ni 137,000, mara mbili tena 274,000, mara 7 unapata 1,918,000. Jibu kamili, simu iko mfukoni. (Mambo ya lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, malizaneni wenyewe, hayo hayana kanuni.)

Mwanangu darasa la tano kaambiwa akadirie 1,446 kwenye mia iliyo karibu. Kaandika 1,500, mwalimu kamkata. Si 1,446 ni 1,450, na 1,450 ni 1,500?

Hapana mama, mwalimu yuko sahihi. Mtoto kakadiria mara mbili, yaani kaenda kwenye kumi kwanza afu ndo mia, na kila hatua inampeleka juu kidogo. Umbali wenyewe unasema: kutoka 1,446 mpaka 1,400 ni 46, mpaka 1,500 ni 54, sasa iliyo karibu ni ipi? Unaangalia tarakimu moja tu, ile inayofuata kulia kwa nafasi unayoitaka. Kwenye mia unaangalia makumi, ni 4, haijafika 5 ya kupandisha, inabaki 1,400 na ile 6 haina kazi. Mwambie ajaribu na watu wa mkoa wetu wa Mbeya, sensa ya 2022 ilihesabu 2,343,754. Kwenye elfu iliyo karibu ni 2,344,000, kwenye laki iliyo karibu ni 2,300,000. Kila mara aanze na namba halisi, asianze na ile aliyokwisha kuikadiria.

Tunapeleka wanafunzi 130 Isimila, kosta inabeba 28. Nimegawa nimepata 4 na kitu. Tukodi ngapi?

Tano. Nne zinabeba 112, watoto 18 unawaacha Iringa mjini? Kwenye gari unapandisha hata angebaki mtoto mmoja, ile sheria ya "kuanzia 5 panda" haiingii hapa. Kwenye kitambaa ni kinyume chake: una mita 23, sare moja inakula mita 3, unatoa sare 7 tu japo kikokotoo kinakwambia 7.67.

Dada hapa, nipo Njombe, nina parachichi 84 na maembe 60, nataka mifuko inayofanana bila kubakiza hata tunda moja. Mingi kabisa ni mingapi?

Kamwene dada! Hiyo ndo KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ile mliyoikariri shuleni mkasema haina kazi. Vunja 84 upate 2×2×3×7, vunja 60 upate 2×2×3×5. Vinavyopatikana kote ni 2×2×3, yaani 12. Mifuko 12, kila mmoja parachichi 7 na maembe 5. Ukiona mfuko mdogo mno kwa wateja wako, chukua kigawo chochote cha hiyo 12, mfano mifuko 6 yenye parachichi 14 na maembe 10, bado hakibaki kitu.

Na yule aliyeuliza kwa kifupi kama 91 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: sio, ni 7 mara 13. Inadanganya watu wengi kwa sababu haimo kwenye jedwali la kuzidisha tulilokariri. Huna haja ya kujaribu namba zote, jaribu 2, 3, 5 na 7 basi, maana 11 mara 11 ni 121, imeshaivuka 91. Kwa kipimo hichohicho 97 ni tasa kweli, igawe uone.