Wamama wa likelemba moja hawasikilizani: waanzie wapi?

Mama, nimekuelewa: wenyeji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na waliokimbia vita huko Masisi wanachanga pamoja kwenye likelemba, yaani kikundi cha kupeana pesa kwa zamu, lakini kila kundi linakaa upande wake, na unataka wasimuliane maisha yao.

Usiulize "vita ilikufanyia nini?" Swali hilo litafungua vidonda na kuanzisha mashindano ya nani aliteseka zaidi. Uliza: "Ulipokimbia, nani alikufungulia mlango?" Wenyeji nao wana jibu. Volkano ya Nyiragongo iliwakimbiza Januari 2002, tena Mei 2021, na mwaka huo wengi walipokelewa Sake, ambayo iko Masisi. Hapo ndipo watakapokutana.

Wakae 6 hadi 8, wamechanganyika. Kila mmoja aseme dakika tano bila kukatwa, kisha jirani yake arudie alichosikia, bila shauri wala "hata mimi". Kurudia ndiyo kazi yenyewe: anayejua atarudia husikiliza kweli. Asiyetaka kusema apite, asibembelezwe.

Simu zizimwe. Kabila, majina ya wenye silaha na mahali ndugu walipojificha visitajwe. Neno likitoka nje linaweza kuua mtu.

Mmoja wao akianza kutetemeka au kukosa pumzi, simamisha. Mtoe nje, akanyage chini, anywe maji, na mtu abaki naye. Usingizi ukimpotea siku zinazofuata, msindikize kituo cha afya, muulizie mwanasaikolojia. Akikuambia amebakwa juzijuzi, mpeleke siku hiyohiyo: dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72.