Kijana wetu anakosa mipira: tumkatie tamaa?

SWALI: Timu ya besiboli ninayoishabikia ina mpigaji wa miaka 20 katika Double-A, daraja la pili chini ya ligi kuu. Anavusha mipira uzio, lakini anatolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha) karibu mara 3 katika kila zamu 10. Pia mrushaji wetu kijana amepasuliwa kiwiko. Tuna matumaini kweli?

JIBU: Umri kwanza. Double-A imejaa wachezaji wa miaka 23 na 24, kwa hiyo kijana wa 20 anashindana na wakubwa zake. Hizo straiki zinatia wasiwasi, ila tazama anazipataje. Akikosa mpira wa kasi uliopita katikati, mkono wake unachelewa, na hilo ni gumu kurekebisha. Akifukuzia mipira ya kupinda inayodondoka chini ya magoti, anaweza kujifunza kuiacha. Angalia kama anazawadiwa kituo cha kwanza, kwa kuiacha mipira minne mibaya, mara nyingi zaidi mwezi hadi mwezi. Ndiyo dalili tunayoiamini kuliko zote. Akipanda Triple-A, daraja lililo chini tu ya ligi kuu, usidanganyike na takwimu za huko Albuquerque, New Mexico: mji uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unapaa.

Na akifika ligi kuu akayumba, mpe muda. Nyota Mike Trout alipiga .220 tu mwaka 2011, yaani alifanikiwa kupiga mara 22 katika kila zamu 100; 2012 akawa mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Marekani (American League), moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Mrushaji aliyepasuliwa kiwiko kwa kawaida hurudi baada ya miezi 12 hadi 18. Kasi hutangulia, shabaha huchelewa.