Maswali ya wasomaji: Baiskeli kwenye milima ya Usambara

Swali: Tuko watatu, tunatoka Dar es Salaam. Baiskeli zetu ni za changarawe, tairi milimita 40. Tunataka kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto siku ya kwanza, na siku ya pili twende Mtae. Je, mpango huu unafaa?
– Msomaji, Kinondoni

Jibu: Unafaa, ila msipange siku kwa kilomita. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu za lami, lakini mnapanda karibu mita 1,000. Lushoto hadi Mtae ni takriban kilomita 60, mkipita Magamba, Lukozi na Sunga. Huko barabara haipandi mara moja ikaisha: inapanda, inatumbukia bondeni, inapanda tena, hadi mwisho. Msitegemee lami huko juu. Anayepiga hesabu ya kilomita 18 kwa saa, kwa kuwa ndivyo anavyokwenda Bagamoyo, giza litamkuta njiani.

Wekeni kilomita 9 kwa saa. Hiyo ni karibu saa saba za kuendesha, na saa moja zaidi ya kula na kuziba pancha. Mkiondoka Lushoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtafika kabla ya saa tisa alasiri. Msiseme jua linazama saa kumi na mbili na nusu jioni, muda upo: kwenye mabonde kivuli hutangulia sana, na korongo lililo kivulini huonekana tairi ikiwa imeshaingia.

Siku ya kwanza anzeni Mombo alfajiri. Chini pale kuna joto, na barabara ya kupitia Soni ni nyembamba, yenye kona kali, mabasi na malori ya mboga. Pandeni mmoja nyuma ya mwingine, mkiachana nafasi ya gari kupita.

Mkisafirisha baiskeli kwa basi, toeni gurudumu la mbele na kubana kipande cha ubao kati ya miguu miwili ya uma (panda ya fremu inayoshika gurudumu la mbele) ili isikunjwe na mizigo. Kwa breki za diski za mafuta, wekeni kadibodi ngumu katikati ya pedi. Mtu akigusa mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pedi hukutana, na diski haiingii tena mpaka mzipanue.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Jioni ni baridi kweli, kwa hiyo koti si anasa.

Swali: Gia yangu nyepesi kuliko zote ni meno 36 mbele na 28 nyuma. Kwenye milima mikali nashuka na kusukuma. Nifanye mazoezi zaidi au nibadilishe vifaa?
– Msomaji, Moshi

Jibu: Badilisha vifaa kwanza. Mazoezi yatakusaidia, lakini hesabu hii hayaiondoi.

Tairi ya 700 × 40 husonga kama mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na 36 kwa 28 na kukanyaga mizunguko 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 10 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, wewe, baiskeli na mizigo mkiwa kilo 85 kwa pamoja, hapo miguu inahitaji kutoa nguvu ya takriban wati 270. Wachache wanaweza kuzitoa kwa nusu saa. Ukishindwa, miguu inapunguza mizunguko hadi 40, magoti yanabeba mzigo wote, na gurudumu la nyuma linaanza kuteleza kwa kuwa kila mkanyago unakuwa wa kushtua.

Weka kaseti (seti ya sproketi, yaani magurudumu ya meno, ya nyuma) ambayo sproketi yake kubwa ina meno 34. Mizunguko ileile 60 sasa inakupa kilomita 8.4 kwa saa, kwa wati kama 225. Ukiweza pia kupata sproketi ya mbele ya meno 30, utashuka hadi kilomita 7 kwa saa na wati 185. Hiyo ndiyo gia ya Usambara. Utakwenda polepole, lakini utafika umekaa.

Kabla ya kununua, muulize fundi kama kibadilisha gia chako cha nyuma kinakubali meno 34. Chenye mkono mfupi mara nyingi hakikubali. Mnyororo nao utakuwa mfupi: uzungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kibadilisha gia, kisha ongeza pingili mbili. Mnyororo uliobaki mfupi ukiingia kubwa kwa kubwa hung'oa kibadilisha gia.

Na unapopanda kwenye changarawe, usisimame. Sogea mbele ya kiti, kunja viwiko, shusha kifua. Uzito ukibaki nyuma kupita kiasi gurudumu la mbele linanyanyuka. Ukisimama, la nyuma linachimba mahali pamoja.

Swali: Nilijaza upepo hadi PSI 60 (kipimo cha shinikizo la tairi) ili nisipate pancha, bado nikapata tatu siku moja. Kwa nini?
– Msomaji, Tanga

Jibu: Itoe tyubu uitazame. Tundu mbili zilizo sambamba maana yake tairi imegonga jiwe na tyubu kubanwa kwenye rimu. Hiyo hutokana na upepo mdogo. Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba, na PSI 60 haizuii mwiba. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya, maana mwiba uliobaki ndio unaotoa pancha ya pili na ya tatu. Chini huko tambarare migunga ni mingi.

Kwa mwendeshaji wa kilo 75 na tairi ya 40, jaza PSI 36 mbele na 40 nyuma. Ukiwa na tyubulesi, yaani tairi zisizotumia tyubu, 30 na 33 zinatosha, na dawa ya pancha mililita 90 kila tairi. Kwenye joto dawa hukauka, kwa hiyo ikague kila miezi miwili. PSI 60 inakurusha juu ya kila jiwe, na kwenye mteremko wa changarawe hapo ndipo watu wanapoanguka.

Swali: Nikishuka, breki zangu za diski hunuka na mkono wa breki unakuwa laini. Ni hatari?
– Msomaji, Arusha

Jibu: Ndiyo. Simama papo hapo, uache zipoe dakika kumi, na usiguse diski: inaunguza.

Kosa ni kubana kidogo bila kuachia mteremko mzima, hivyo joto halipati nafasi ya kutoka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, kisha achia kabisa. Kwenye changarawe maliza kupunguza mwendo baiskeli ikiwa imenyooka. Breki ya mbele katikati ya kona hukuangusha. Pedi ikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Mkono ukibaki laini hata baada ya kupoa, mafuta yana hewa au ni ya zamani. Mpe fundi ayabadilishe kabla ya safari.

Swali: Je, naweza kwenda masika nikiwa na tairi zenye meno makubwa?
– Msomaji, Korogwe

Jibu: Hapana. Udongo mwekundu ukilowa unajaza meno ya tairi ndani ya mita chache, kisha unaganda kati ya tairi na fremu. Ukilazimisha kukanyaga, tope huvuta kibadilisha gia kikaingia kwenye spoku, na sikio linalokishikilia hukatika. Mvua ikikukuta, beba baiskeli hadi penye majani au mawe, kwangua tope kwa kijiti, na usubiri. Jua likichomoza, njia ya mteremkoni huanza kukauka mapema kuliko ya bondeni.