Nilikuwa kipa mla muda, sasa nashika kipenga

Kwanza niungame. Mwaka wangu wa tatu golini, hapa Amu, kisiwani Lamu, tulikuwa tunaongoza moja bila dhidi ya timu iliyovuka kutoka bara, zimebaki kama dakika kumi. Ikaja krosi nyepesi, mtoto wa madrasa angeidaka. Nikaidaka, nikaanguka nayo, na sikuinuka. Nikashika paja. Paja lenyewe lilikuwa zima kama kamba mpya ya jahazi, lakini nilikunja uso mpaka mshika kibendera akanionea huruma. Mwalimu wetu akawa ananipigia kelele pembeni: "Tulia papo hapo! Tulia!" Nikatulia, mchanga mdomoni, nahesabu moyoni.

Ambalo sikuliona kwa sababu nilikuwa nimefumba macho ni mabeki wangu. Walikuwa wamekaa chini. Mmoja kavua kiatu anakung'uta mchanga, mwingine anakunywa maji na kupiga soga na shabiki. Mpira uliporudi uwanjani miguu yao ilikuwa imeganda. Pasi moja ya juu, beki wa kati akageuka pole pole kama ngamia, na straika wao akanipita. Moja moja. Sare iliwatosha wao kusonga mbele, haikututosha sisi. Nikakimbia mwenyewe kuutoa mpira wavuni ili tuwahi kuanza, mimi yule yule wa paja bovu, na mashabiki wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hatukupiga hata pasi tano, adhana ya Magharibi ikaingia na mechi ikaisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa anayeongoza. Ukilaza mchezo, unawalaza na wenzako. Timu iliyokuwa inakimbia vizuri ukiikatiza mara nne ndani ya dakika kumi, unampa mpinzani aliyechoka nafasi ya kuvuta pumzi na kocha wake nafasi ya kuwapanga upya.

Lakini sitasema uongo kwamba hila hii hailipi. Hulipa, na kwetu hulipa zaidi kuliko Ulaya. Huko refa akikuona umelala anahesabu dakika zake na ubao wa dakika za nyongeza unainuliwa. Kule Qatar 2022 walihesabu kweli kweli: mechi ya Uingereza na Iran iliongezwa dakika 14 kipindi cha kwanza peke yake, kwa sababu kipa wa Iran aligongana vichwa na mwenzake (huyo aliumia kweli), na kipindi cha pili Mehdi Taremi wa Iran akafunga penalti dakika ya 90+13. Hapa Amu ubao wetu ni jua. Mwezi wa Novemba linazama karibu saa kumi na mbili na dakika tano, Februari linachelewa kama nusu saa nzima. Mechi ya Novemba ikianza saa kumi na robo, dakika tisini na mapumziko zinakufikisha saa kumi na mbili kamili. Refa ana dakika tano mkononi, basi. Hata kama kipa amekula kumi, hawezi kuzirudisha, maana hakuna taa wala mtu atakayebaki uwanjani Magharibi ikiadhiniwa.

Ndiyo maana nawaambia manahodha: vita vya muda pigeni kabla ya mechi, si dakika ya themanini. Shikilieni mpira uanze watu wakitoka tu kuswali Alasiri, mgeni rasmi amefika au hajafika. Mgeni rasmi ndiye mla muda mkubwa kuliko makipa wote wa kisiwa hiki. Na hakikisheni kuna mipira mitatu, si mmoja. Mpira ukiwa mmoja na ukaruka ukuta, utarudishwa na kitoto cha mtaa kinachoijua timu ya kaka yake iko mbele. Nimewahi kukiona kimoja kinautembeza mpira kwa kuusukuma na ukuti, taratibu, kama anachunga mbuzi. Msicheke. Mwaka 2013 Eden Hazard wa Chelsea alipewa kadi nyekundu kule Swansea kwa sababu ya kijana wa kuokota mipira aliyeulalia mpira. Hazard akajaribu kuupiga utoke chini yake. Chelsea walikuwa wanatafuta magoli, na wakabaki kumi.

Hapo ndipo kiini cha mambo. Dakika zinaweza kurudishwa, zote au nusu. Kichwa chako ukishakipoteza hakuna refa wa kukuongezea. Tangu niache glavu na kushika kipenga nimeona mara nyingi: kipa anakaa chini, straika anamfuata kumnyanyua kwa fulana, mabeki wanakuja, benchi zinainuka, nami nasimama katikati natafuta nani kaanza. Kipa alitaka sekunde ishirini, mmempa dakika tatu na kadi juu.

Mkiwa nyuma, fanyeni hivi. Mtu mmoja tu azungumze na refa, nahodha, mara moja, kwa adabu: "Ami, tuangalizie muda." Huyo nitamsikiliza. Wakija sita wanaonyesha saa za mkononi ambazo hawana, siwasikii, na muda unakwenda vile vile. Mpira wa kurusha wenu uchukueni mbio. Faulo zenu pigeni haraka. Utashangaa timu ngapi zinalalamika kipa anachelewesha, halafu zenyewe zinatembea kwenda kupiga kona.

Na ijueni sheria. Kipa akiushika mpira kwa mikono ana sekunde nane, si sita tena. Zamani adhabu ilikuwa faulo ya kupasiana ndani ya boksi, na marefa wengi tuliiogopa: watu ishirini wanajipanga kwenye mstari wa goli, ugomvi mtupu. Basi tukajifanya hatuoni. Tangu msimu wa 2025 adhabu ni kona, na refa anainua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole ili kila mtu azione. Kona haitoi jasho, kwa hiyo inatolewa. Wewe straika kazi yako ni moja: msogelee umbali wa heshima usubiri. Ukisimama mbele yake kumzuia asiuachie mpira, faulo inakuwa yake, na umemtunuku alichokuwa anakitafuta.

Sasa majeruhi. Rivaldo mwaka 2002, Brazil na Uturuki: mpira ulimgonga mguuni, akaanguka kashika uso, mpinzani akatolewa nje. FIFA walimpiga faini siku chache baadaye, lakini Brazil wakaendelea mpaka wakalichukua Kombe la Dunia. Vijana wangu wanaikumbuka hadithi hiyo kwa sehemu ya kombe tu. Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2023 walianza kumkalisha nje sekunde thelathini mchezaji aliyetibiwa uwanjani, na naona iliwaponya wengi papo hapo.

Ila mimi kwenye jambo hili nina kidonda. Beki mmoja alianguka vibaya, dakika za lala salama, timu yake inaongoza. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Inuka, muigizaji!" Nami, ili nionekane sidanganyiki, nikasimama mbali nikimnyooshea saa. Hakubingirika, hakulia. Alikuwa kimya, kaushika mkono wake kifuani. Nilipokaribia ndipo nikauona mtulinga umechomoza chini ya ngozi. Tulimtoa kwa mkokoteni uliokuwa umeleta simiti. Tangu siku hiyo naenda kwanza, naangalia, halafu ndiyo naisimamisha saa. Nikidanganywa mara tisa, sawa.

Kuna wanaoweka kila kitu kapu moja, na hapo sikubaliani nao. Kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuukinga kwa makalio mpaka mabeki wawili watoe povu, huo ni ufundi, mpira uko mchezoni na anayeutaka aje auchukue. Kucheza pasi ishirini nyuma, halali. Hata hivyo halali ina mpaka. Wazee wa barazani Mkunguni wakitajiwa Ujerumani Magharibi na Austria mwaka 1982 bado wanasonya: Wajerumani walifunga dakika ya 10, na kwa kuwa moja bila iliwavusha wote wawili, wakapasiana mpaka kipenga cha mwisho. Algeria, waliokuwa wamewafunga Wajerumani hao hao 2-1, wakarudi nyumbani. Ndiyo sababu mechi za mwisho za kila kundi sasa huchezwa kwa wakati mmoja.

Juzi nilichezesha mechi ya vijana. Zimebaki dakika mbili, kipaza sauti cha msikiti kikaanza kukwaruza, sauti ile ya mtu anayejaribu maikrofoni kabla ya kuadhini. Kipa aliyekuwa anaongoza aliisikia kama nilivyoisikia mimi. Akauweka mpira wa goli kiki chini, akapiga goti, akainamia kiatu chake kufunga kamba, kwa makini, fundo baada ya fundo. Nikamwendea polepole, kadi ya njano mfukoni. Alikuwa amevaa sandak, viatu vya plastiki visivyo na kamba.