"Baba" liondoeni kwenye orodha ya mkopo

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Ni neno gani ulilodhani ni letu kumbe tumeliazima?", ningelipita kama si mfano mliouweka chini yake: "baba", mkasema tumelipata kwa Waarabu. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Kitabu, sawa. Meza ni ya Wareno, shule ya Wajerumani, sibishi. Lakini baba? Mkikuyu anasema baba, Mshona anasema baba. Mzulu anasema ubaba kwa baba yake mwenyewe, wako wewe ni uyihlo, na kwao Kiarabu hakikutia mguu. Tena Kiarabu chenyewe cha vitabuni husema ab. Baba ni la nyumbani, la watoto.

Ukali wangu ulianzia Kharkiv, Ukraine, nilikosoma udaktari. Bwenini kulikuwa na mama mtu mzima aliyekaa mlangoni, kwenye kijichumba chenye dirisha la kioo, akitunza funguo. Wanafunzi wote walimwita Baba, kisha jina lake, maana kule baba ni bibi. Mimi ulimi uligoma. Kumwita mwanamke baba! Nikawa namsalimu juujuu na kupita.

Usiku mmoja wa baridi kali nikapigiwa simu: mzee amelazwa, presha imepanda. Mtandao ulishika vizuri pale chini tu, karibu na dirisha lake, kwa hiyo nikasimama hapo. Sidhani kama nilisema neno jingine la maana. Baba anaongea? Baba amekula? Mpeni simu baba. Alipopewa nikasema shikamoo baba, sauti ikakwama. Nilipokata simu yule mama alikuwa ameshatoka. Akanishika mkono, akanikalisha karibu na mabomba ya kupashia chumba joto, akanimiminia chai kwenye glasi, akafungua chupa ya jamu ya rasiberi aliyoipika mwenyewe na kunichotea kijiko kilichojaa. Hakuuliza kitu. Tukakaa hivyo mpaka chai ikaisha. Aliponisindikiza kwenye ngazi akasema Mungu atampa bibi yako afya. Kirusi changu kilitosha kumwelewa, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha.

Mzee alipona. Nilipomsimulia, akaagiza: mwambie baba wa huku anamsalimia baba wa huko. Nikampelekea salamu, na tangu siku hiyo nami nikamwita Baba kama wenzangu.

Basi nikaanza kuwauliza watu wa kila taifa pale chuoni. Mturuki: baba ni baba. Mchina vilevile. Mjapani: baba ni kikongwe, na si neno la heshima. Wageorgia ndio walioniacha mdomo wazi, kwao mama ndiye baba, na mama mzazi ni deda. Dada kwa Mbengali ni kaka. Sababu yake aliieleza mtaalamu wa lugha Roman Jakobson katika makala iliyochapishwa 1960: mtoto mchanga huanza na sauti za midomo, m, b na p pamoja na a, asimwite mtu yeyote, halafu wazazi wenyewe ndio hugawana, hili langu, hili lako.

Na hapa, nikiwa bado naandika, naona hata Wazulu wangu hawanisaidii sana. Kama kila mtoto anaweza kulianzisha upya, kufanana kwetu nao si ushahidi wa kutosha, hasa nikikumbuka kwamba Waganda husema taata, nao ni ndugu zetu wa damu. Kwa hiyo siwezi kushikilia tena kwamba ni letu. Liondoeni kwenye orodha ya mkopo, lakini msilihamishie kwenye orodha ya urithi kwa sababu yangu.

Isipokuwa kwa jambo moja, na hilo silirudishi nyuma. Kwetu mdogo wake baba ni baba mdogo, kaka yake ni baba mkubwa, na mtoto huwaamkia wote shikamoo baba. Mwarabu humtofautisha huyo kwa neno lake, na ndilo lililoingia Unguja na Mombasa mpaka leo: ami. Mkitaka neno la mkopo la wiki hii, andikeni hilo.